Ubora wa rangi ya gari huanzia chini ya puti

UKITEMBEA kutoka soko la Kariokor, Nairobi, kuelekea Ziwani, au ukishuka hadi Barabara ya Kirinyaga ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, masikio hukupasha habari kabla ya macho. Nyundo hulia juu ya bati, kompresa hunguruma na harufu ya thina hutanda hewani. Huku ndiko magari yaliyogongwa au kuliwa na kutu huletwa ili yarejeshewe sura yake.

Mtaa wa Kariokor ulipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtaa wa Kariakoo jijini Dar es Salaam una asili iyo hiyo. Leo wengi hukijua Kariokor kwa nyama choma, vyondo na viatu vya ngozi. Lakini kwa mwenye gari lililobonyea, viunga vyake ni kama hospitali.

Mgonjwa hutoka katika hospitali hiyo aking'aa. Hata hivyo, miezi michache baadaye, hasa mvua za masika zikishanyesha, rangi huanza kufura na kutoa malengelenge. Mwenye gari huilaumu rangi, naye fundi huilaumu mvua. Aghalabu wote wawili hukosea. Kosa lilifanywa mwanzoni kabisa, bati lilipokuwa tupu.

Ili kuelewa sababu, yafaa kwanza kufahamu puti ni kitu gani. Puti, au bodifila kama inavyoitwa na mafundi wengi, ni mchanganyiko wa utomvu wa poliesta na unga laini wa mawe, hasa talki. Ikichanganywa na dawa ya kugandisha, huwa ngumu kwa muda wa dakika chache na huweza kupigwa msasa hadi ikalingana na bati. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo yanayobaki baada ya nyundo.

Udhaifu wa puti ni kwamba hunyonya maji. Maji yakipenya kupitia ufa mdogo wa rangi, puti huyahifadhi yakiwa yamegusana na chuma. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu huzaliwa. Kutu nayo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma puti na rangi kutoka chini. Hayo ndiyo malengelenge anayoyaona mwenye gari.

Hapo ndipo praima ya epoksi inapohitajika. Hii ni rangi ya msingi inayouzwa kwa mikebe miwili: mmoja una utomvu, mwingine una dawa ya kuugandisha. Haikauki kwa kupoteza thina peke yake, bali sehemu hizo mbili huungana na kufanya utando mgumu unaoshika chuma barabara na kuzuia maji. Ikipakwa juu ya chuma kitupu kabla ya puti, hata maji yakipenya kutoka juu hukuta mlango umefungwa.

Ni kweli kwamba mafundi wengi wamezoea kupaka puti moja kwa moja kwenye chuma kilichokwaruzwa, na watengenezaji wengi wa puti huruhusu hivyo. Njia hiyo hushika vyema iwapo chuma ni safi na kikavu. Lakini katika karakana iliyo wazi, ambako gari huweza kulala nje usiku mzima na kunyeshewa kabla ya kupakwa rangi, kukitanguliza kinga ni busara zaidi.

Kazi nzuri hufuata utaratibu. Kwanza, bati hunyooshwa hadi likaribie umbo lake la awali. Puti haifai kuchukua nafasi ya nyundo. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba unene wake usizidi milimita 3 hivi. Ikiwa nene mno hupasuka gari linapotikiswa na mashimo ya barabarani.

Pili, rangi ya zamani na kutu yote huondolewa hadi chuma kionekane. Palipotoboka hukatwa na kuchomelewa bati jipya. Kuziba tundu kwa puti ni kujidanganya, kwani maji huingia kutoka upande wa nyuma ambako hakuna rangi wala msasa uliofika.

Tatu, chuma hukwaruzwa kwa msasa mkali, kama namba 80, kisha hufutwa kwa dawa ya kuondoa mafuta. Baada ya hapo kisiguswe kwa mikono mitupu, kwa kuwa jasho lina chumvi, na chumvi ni rafiki wa kutu.

Nne, hupakwa epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe. Kila mtengenezaji ana kipimo chake, na kukisia kwa jicho ni kuharibu. Asubuhi zenye baridi za Julai jijini Nairobi, epoksi huganda polepole sana, kwa hivyo subira yahitajika. Mkebe huo pia hueleza muda ambao tabaka linalofuata laweza kupakwa bila msasa. Muda huo ukipita, sharti epoksi ikwaruzwe ndipo puti ishike.

Tano, puti huchanganywa na kupakwa. Kwa kawaida gramu 100 za puti huhitaji takriban gramu 2 za dawa ya kugandisha. Ikipungua, puti hubaki laini. Ikizidi, dawa iliyobaki huweza kupenya hadi juu na kuacha madoa kwenye rangi, hasa rangi nyeupe na zile hafifu.

Sita, na hapa ndipo wengi huteleza, puti hupigwa msasa ikiwa kavu. Ndoo ya maji na msasa wa maji vina wakati wake, nao ni baada ya puti kufunikwa kwa praima nyingine. Anayeilowesha puti tupu huyaingiza mwenyewe maji aliyotaka kuyazuia.

Ikumbukwe pia kuwa praima zote hazilingani. Praima ya asidi isiwekwe chini ya puti kwa kuwa asidi yake huizuia poliesta kuganda sawasawa. Vivyo hivyo, praima ya kawaida ya mkebe mmoja hulainishwa na kemikali zilizomo katika puti, ikavimba na hatimaye kubanduka.

Fauka ya hayo, kuna suala la afya. Vumbi la puti huumiza mapafu, na epoksi mbichi huweza kuzusha mzio wa ngozi. Rangi nyingi za mwisho za mikebe miwili huwa na aisosayaneti, kemikali inayojulikana kusababisha ugonjwa wa pumu miongoni mwa wapaka rangi. Kitambaa kilichofungwa puani huweza kupunguza vumbi, lakini hakizuii mvuke huo. Fundi anahitaji barakoa maalumu yenye vichujio vya kemikali, glavu, na mahali penye hewa ya kutosha, mbali na mama mboga na watoto wanaopita.

Kwa nini basi hatua hizi hurukwa? Jibu ni pesa na muda. Epoksi huongeza gharama, na kuisubiri huongeza saa au hata siku. Mteja anayetaka gari lake jioni iyo hiyo, kwa bei ya chini kabisa, humlazimisha fundi aipuuze hatua ambayo haitaonekana. Fundi akikubali, yeye ndiye atakayepoteza jina mvua itakaponyesha.

Mteja mwerevu huuliza mapema: kutu itaondolewa hadi wapi, ni praima gani itakayotumika, na puti itakuwa nene kiasi gani? Aidha, huomba kuliona gari, au kupigiwa picha kwa simu, kabla puti haijapakwa na kabla rangi haijafunika kila kitu.

Anayenunua gari kuukuu naye anaweza kujikinga kwa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Sumaku hushika bati vizuri, lakini hulegea au kuanguka palipo na puti nene. Bampa za plastiki na sehemu za alumini hazipimwi hivyo. Akague hasa juu ya magurudumu na chini ya milango, na agongegonge kwa kidole, maana puti hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi.

Ukaguzi huu si wa urembo tu. Kutu iliyofichwa kwenye vizingiti vya milango au nguzo za paa hupunguza uwezo wa gari kuwalinda waliomo ajali inapotokea. Sehemu hizo huhitaji chuma kipya kilichochomelewa vyema, wala si puti na rangi inayong'aa.

Wahenga walisema kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwenye gari akubali kulipia kile asichokiona, naye fundi akatae kukifunika kile ambacho bado hajakitibu. Hapo ndipo rangi itakapodumu.