Fahamu: Mgonjwa ana kauli gani katika utafiti?

Mkaazi wa Dima wa Tayyin, nchini Oman, akiombwa damu kwa utafiti, kutia sahihi tu hakutoshi. Kushirikishwa ni kuulizwa mapema: lichunguzwe tatizo lipi, na matokeo yatarudishwaje kijijini? Huko Nizwa, pia nchini Oman, mradi wa mtindo bora wa maisha ulioanza 1999 uliwaingiza wakaazi katika kupanga.

Kilifi, Kenya, imekwenda mbali zaidi. Kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome, kilichoanza 1989, kina wawakilishi waliochaguliwa na wanavijiji wenyewe. Hao huwafikishia watafiti hata minong'ono, kama uvumi kuhusu damu inayochukuliwa. Kwangu mimi, uvumi huo ni swali halali lililokosa pa kuulizwa.

Wawakilishi hawamtolei mtu idhini. Kila mshiriki huamua mwenyewe, na anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu.