Dima za Taa za Jukwaani: Zinavyofanya Kazi na Namna ya Kuzitumia kwa Usalama

Popote panapowekwa jukwaa kisiwani Mombasa, iwe ni mchezo wa kuigiza Mbaraki, tamasha la Mama Ngina Waterfront au harusi Mji wa Kale, mwanga hupunguzwa na kuongezwa kwa kifaa kiitwacho dima. Ikifungwa vibaya, taa hupepesa, spika hunguruma na waya huweza kushika moto. Mji wa Kale una nyumba zilizobanana, roshani za mbao na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Huko, cheche moja inaweza kugharimu mtaa mzima.

Swichi isiyosogea

Zamani, mwanga ulipunguzwa kwa kuubana umeme njiani. Baadhi ya kumbi za maigizo za ng'ambo zilitumia hata mitungi ya maji ya chumvi: bamba la chuma lilishushwa majini taratibu na taa zikazidi kung'aa. Sehemu kubwa ya umeme ilipotea kama joto.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1957, kampuni ya General Electric ya Marekani ilipotoa thairista, swichi ndogo ya silikoni isiyo na sehemu inayosogea.

Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Hupanda na kushuka kama wimbi, na hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Baada ya kila sifuri, thairista husubiri kidogo kisha hufungulia umeme. Ikichelewa, taa hupata kipande kidogo cha wimbi na kufifia. Ikiwahi, taa hung'aa. Kwa kuwa umeme hukatwa badala ya kubanwa, unaopotea ni kidogo sana.

Matatizo yanapotokea

Balbu ya zamani hubaki na joto, hivyo jicho halioni ukataji huo. Taa ya LED ina saketi yake ya kielektroniki, na nyingi huhitaji wimbi zima. Zikiunganishwa na dima ya zamani hupepesa, hukataa kufifia au huharibika. Taa nyingi za LED za jukwaani zina dima ndani yake. Hizo zipewe umeme kamili, na amri za kufifia zipitie waya wa mawasiliano wa mfumo wa DMX, ulioanza kutumika miaka ya 1980.

Mngurumo wa spika hutokana na umeme kuruka ghafla kila thairista inapofungulia. Koili iliyo ndani ya dima hulainisha mruko huo, lakini dima duni huwa na koili ndogo mno.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Kwenye umeme wa fezi tatu, mikondo iliyo sawa kwa kawaida hufutana katika waya wa nyutro. Mikondo iliyokatwa na dima haifutani yote. Sehemu yake hujumlishana. Nyutro inaweza kubeba umeme mwingi kuliko waya wowote wa fezi, na mara nyingi haina swichi ya usalama ya kuukata. Waya ukiwa mwembamba, huchemka kimyakimya.

Hewa ya bahari huongeza tatizo: chumvi na unyevu hula viungo vya nyaya, na kiungo kibovu huchemka.

Kabla ya hafla

Chini ya Katiba ya 2010, burudani za umma na huduma za zimamoto ni majukumu ya kaunti. Waandaaji na wenye kumbi wanashauriwa:

- Kumtumia fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta.
- Kumtaka fundi apime mkondo wa nyutro taa zikiwa zimefifishwa nusu, si zikiwaka zote tu.
- Kutenganisha nyaya za taa na za sauti.
- Kutofunika dima kwa vitambaa vya mapambo, kwani huhitaji hewa ya kuzipoza.
- Kukagua viungo vyenye kutu na kuvibadilisha.

Harufu ya kuungua ikisikika, zima swichi kuu mara moja na uwaondoe watu. Kamwe usimwagie maji vifaa vya umeme.