KWA NINI CHUNGU KINAPASUKA?

Umefinyanga chungu siku nzima. Umekiweka kivulini siku kumi. Umekitia motoni. Mara unasikia: pa! Chungu kimepasuka vipande vipande. Kazi yako imepotea, na kuni zimepotea.

Usiseme ni bahati mbaya. Chungu hakipasuki bila sababu.

Habari hii ni kwa watu wa Kalenga, mkoani Iringa, na wa vijiji vingine, wanaotaka kukusanyika na kujifunza ufinyanzi wa mikono. Kazi hii haihitaji mashine. Kalenga ni mahali pa sifa. Hapo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, ambayo Wajerumani waliivunja mwaka 1894. Wageni hufika kuona makumbusho. Mto Ruaha Mdogo unapita hapo. Basi wanunuzi wapo na maji yapo. Kinachotakiwa ni ujuzi.

Mwalimu wenu ni nani? Ni bibi aliyefinyanga tangu ujana wake. Tazameni Wakisi wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Huko Ikombe wanawake hufinyanga vyungu vyenye sifa kubwa. Binti hujifunza kwa mama yake. Vyungu hupakiwa katika mitumbwi na kupelekwa sokoni Matema. Kutoka hapo hufika Mbeya na mbali zaidi.

Ujuzi wa bibi uko vidoleni mwake. Akifa, unazikwa naye. Lakini wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Nenda kwa bibi na daftari.

PIMENI UDONGO

Toa mawe na mizizi katika udongo. Uloweke, uukande. Fanya kamba nene kama kidole, uizungushe kidoleni. Ikikatika, udongo huo haufai peke yake.

Ikiwa haikatiki, fanya kipande bapa. Chora juu yake mstari wa sentimita 10 kwa rula ya shule. Kiache kikauke kabisa kivulini, kisha pima tena. Mstari umebaki sentimita 9? Basi udongo umenywea mno. Chungu chake kitapata nyufa hata kabla ya kuona moto.

Dawa yake ni vigae. Chukueni vyungu vilivyovunjika, mvitwange, mchekeche. Anzeni na makopo matatu ya udongo kwa kopo moja la vigae. Mkikosa vigae, tieni mchanga. Chembe hizi hupunguza kunywea. Tena huacha njia ndogo za kupitisha mvuke. Andikeni tarehe, mahali mlipochimba, makopo mangapi, na mstari ulibaki sentimita ngapi. Kila udongo una tabia yake, hata kama umetoka kando ya mto mmoja.

Na shimo mlilochimba, lifukieni. Mvua ikinyesha litajaa maji, na mtoto anaweza kuzama.

KAMBA JUU YA KAMBA

Fanya kitako kwanza, ukiweke juu ya kigae kipana ili uweze kukizungusha. Panga kamba juu ya kamba. Bana kila kamba na ya chini yake, ndani na nje. Lainisha kwa kipande cha kibuyu. Wazee husema, udongo uwahi ungali maji. Ni kweli, lakini udongo wa maji mno hauwezi kubeba kamba ya juu. Ngoja kidogo ushike.

Unene uwe sawa pande zote. Upande mwembamba hukauka kwanza, ukavuta ule mnene. Hapo ndipo ufa unapoanza.

Mwezi wa Juni na Julai, Iringa kuna baridi na upepo mkavu. Funika mdomo wa chungu kwa kitambaa usikauke haraka. Baada ya wiki moja au mbili, kiguse kwa shavu lako. Ukisikia ubaridi, bado kina maji.

SIKU YA MOTO

Maji yaliyobaki ndani ya udongo yakifika nyuzi 100 za joto hugeuka mvuke. Mvuke ukikosa njia, huvunja chungu. Kwa hiyo anika vyungu juani asubuhi. Kisha vizungushie moto mdogo kwa saa kadhaa. Halafu ndipo uweke kuni nyingi na nyasi. Joto lisipopita nyuzi 600 hivi, ukitia maji chungu kitarudi kuwa matope.

Chomeni mbali na nyumba za nyasi. Msitoe vyungu vikiwa vya moto. Viacheni vipoe vyenyewe. Na chungu cha kupikia kisipakwe rangi ya dukani ndani, maana yaweza kuwa na sumu.

Tuseme mmechoma vyungu 10, vikapona 6. Vile 4 vimepasukia wapi? Kama ni kitako, huenda kilikuwa kinene mno. Kama ni mdomo, huenda ulikauka haraka. Andikeni. Kisha vitwangeni vyote vinne, mchekeche, mweke ndani ya debe. Ndivyo vigae vya udongo wa mwezi ujao.