Utando Unaosinyaa Ukipashwa Joto

Karibu kila kitu kikipata joto hutanuka: reli, nyaya za umeme, zebaki ndani ya kipimajoto. Grafini husinyaa. Huu ni utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, ambao Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliupata mwaka 2004 kwa kubandua grafiti, ileile ya penseli, kwa selotepu.

Mwaka 2009 watafiti wa California waliutandaza juu ya mifereji midogo mno iliyochongwa kwenye kipande cha silikoni, wakaupasha moto, kisha wakauacha upoe. Ulipopoa ulilegea na kujaa mikunjo. Silikoni ilikuwa ikinywea kwa ubaridi, na utando ukirefuka.

Chanzo ni kwamba atomu za grafini hazina jirani juu wala chini wa kuzizuia. Zikipata joto, hupanda na kushuka kwa urahisi kuliko kusukumana ubavuni. Vifungo vya kaboni navyo havivutiki ovyo, kwa hiyo urefu unaotumika kupanda na kushuka lazima ukatwe kwenye upana. Kwenye joto kali sana hali hubadilika, lakini katika joto la chumbani ndivyo ilivyo.

Mtikisiko huohuo unavuruga pia habari ya ugumu. Mwaka 2008, katika Chuo Kikuu cha Columbia, grafini iliyowambwa juu ya vitundu ilibonyezwa kwa ncha ya hadubini, ikaonekana kuwa ngumu kuvuta mara tano hivi kuliko chuma. Kuikunja, kwa nadharia, kungekuwa kazi ndogo kabisa. Lakini watafiti wa Cornell walipoisukuma kwa mwanga wa leza, mwaka 2015, waliikuta ni ngumu kukunjika mara maelfu kuliko walivyotarajia.

Fundi wa paa hatashangaa. Bati bapa hulegea likishikwa upande mmoja. Lenye migongo husimama. Grafini ina migongo yake, mingine ya kudumu, mingine ikizuka na kupotea kwa joto, na kadiri utando unavyokuwa mpana ndivyo unavyozidi kukataa kukunjwa. Wanafizikia David Nelson na Luca Peliti walishalikokotoa hili mwaka 1987, kabla hata grafini haijapatikana. Kwangu mimi, huo ndio ushindi mkubwa wa kisa hiki, kuliko selotepu iliyosifiwa mno.

Migongo ina gharama yake. Ukilivuta bati kukatisha migongo, linaachia kwanza kabla ya kukaza. Vivyo hivyo, grafini yenye makunyanzi imepimwa ikaonekana laini kuvuta kuliko iliyonyooka.

Basi ukisoma mahali kwamba grafini ina ugumu wa kiasi fulani, uliza kwanza: utando wa ukubwa gani, na katika joto gani? Bila majibu hayo mawili, namba hiyo haikufai kitu.