Kwa Nini Kesi Nyingi za Rwanda Huanza Bila Wakili

Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akisikia ameshtakiwa, hukimbilia kutafuta wakili. Kigali nako mawakili wapo, tena chama chao kina wanachama zaidi ya elfu moja. Hata hivyo, migogoro mingi ya kawaida huanza, na pengine kuisha, bila wakili yeyote kufungua kinywa. Wageni hudhani ni umaskini, au mila tu. Mimi naona sababu kubwa ni historia ya karibu sana: taratibu hizi zilipangwa wakati mawakili walikuwa wa kuhesabika.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipokoma Julai 1994, majaji na waendesha mashtaka wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia nchi. Magereza yakafurika washukiwa, wakapita 100,000. Sheria ya kuwahukumu ilitoka Agosti 1996. Ilimpa mshtakiwa haki ya kutetewa, ila si kwa gharama ya serikali. Kesi ya kwanza ikasikilizwa Kibungo, mashariki ya nchi, tarehe 27 Desemba mwaka huo. Washtakiwa walikuwa wawili, wakili hakuwapo, na baada ya siku chache wote wakahukumiwa kifo. Shirika la Avocats Sans Frontières lilileta mawakili kutoka nje, wakawatetea washtakiwa na kuwasimamia waathirika vilevile. Chama cha Mawakili cha Rwanda kiliundwa kwa sheria ya Machi 1997. Yaani kesi zilitangulia, chama kikafuata.

Kwa mwendo ule mahakama za kawaida zisingemaliza kazi hata katika miaka mia moja. Ndipo zikaja gacaca, mahakama za kijamii zilizozinduliwa tarehe 18 Juni 2002 na kufungwa tarehe kama hiyo mwaka 2012. Mahakama zilikuwa karibu 12,000. Waamuzi wake, inyangamugayo, walikuwa raia waliochaguliwa na majirani kwa uadilifu wao. Shahada ya sheria haikuulizwa. Zilipofungwa zilikuwa zimepitia mafaili zaidi ya milioni 1.9, na mawakili hawakuwa na nafasi mle. Miaka hiyohiyo, Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa iliwashtaki watu 93, na asiye na uwezo alilipiwa mawakili. Hivyo waziri wa zamani alitetewa na msomi mwenye joho, na mkulima akajitetea mwenyewe mbele ya watu wa kilimani kwake. Mashirika ya haki za binadamu yalilipigia kelele jambo hili, na serikali ikajibu kwa hesabu ile ya miaka mia moja. Hesabu ilikuwa sahihi, lakini mshtakiwa asiyejua kujieleza ndiye aliyelipa tofauti.

Gacaca zimefungwa, ila fikra yake inaendelea kwa abunzi, wasuluhishi waliowekwa kisheria tangu 2004. Kila akagari, ngazi inayokaribiana na mtaa wa Tanzania, ina kamati ya watu saba wanaojitolea bila mshahara, na wanawake hawapungui asilimia 30. Kamati nyingine iko juu yake, ngazi ya umurenge, kwa ajili ya rufaa.

Tuseme mama mmoja wa pembezoni mwa wilaya ya Gasabo amegundua kwamba jirani amesogeza mpaka wa shamba hatua tatu. Hahitaji hati ndefu wala ada. Anaeleza shida yake kwa mdomo, inaandikwa. Anachagua msuluhishi mmoja kati ya wale saba, jirani naye anachagua wake, kisha hao wawili wanamchagua wa tatu. Siku ya kikao watu wanaketi kwenye mabenchi, na mara nyingi wanatoka kwenda shambani kuuona huo mpaka. Wakili anaweza kumshauri mama huyu, lakini hawezi kusema kwa niaba yake. Wakipatana, yanaandikwa na kutiwa saini. Wasipopatana, watatu hao wanaamua, na asiyeridhika ana siku 30 za kwenda umurenge, kisha mahakama ya mwanzo. Aliyeshinda asipopewa haki yake kwa hiari, anapeleka uamuzi kwa rais wa mahakama ya mwanzo ili utiwe nguvu ya kutekelezwa.

Mpango huu ni wa bei nafuu na ni wa haraka, na anayeubeza hajawahi kulipia nauli ya kwenda mahakamani mara nane. Lakini si mwepesi kwa kila mtu. Mjane anayedai urithi kwa shemeji zake anasimama mbele ya wazee ambao huenda walikunywa na marehemu mumewe. Kwake, mgeni aliyesoma sheria angekuwa nafuu. Ndiyo maana kila moja ya wilaya 30 ina ofisi ya msaada wa sheria, MAJ, yenye maofisa wanaotoa ushauri bure. Mtu kama huyo aanzie huko kabla hajaenda kwenye kikao.

Upande wa mahakama, tangu 2016 mashauri yamehamia kwenye mfumo wa kielektroniki, na mdai anaweza kufungua shauri mwenyewe. Kujaza fomu ni rahisi. Tatizo huja baadaye, kwa sababu sheria ya Rwanda ilitoka kwa Wabelgiji: jaji huanzia kwenye kifungu kilichoandikwa, na hoja kali bila hati haina uzito mkubwa.

Sheria ya 2016 iliwapa abunzi madai yasiyozidi faranga milioni 3, pamoja na mambo mengi ya kifamilia. Shauri lililo chini yao likipelekwa moja kwa moja mahakama ya mwanzo, halipokelewi. Madai dhidi ya serikali au kampuni hayawahusu, wala mikataba ya biashara. Kwa hiyo wewe uliyeleta mzigo kutoka Mwanza au Mombasa na mnunuzi wa Kigali hajakulipa, usipoteze wiki kwenye akagari. Mahakama yako ni ya biashara, iliyoko Nyarugenge. Kusanya mkataba na risiti zako zote, na hapo tafuta wakili mapema.