Mwili Unahitaji Kalori Ngapi kwa Siku?

Kalori ni kipimo cha nguvu ambayo mwili unaipata kwenye chakula. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo haiendi kwenye jembe wala kwenye mwendo. Moyo, mapafu, ini na ubongo havipumziki hata mtu akiwa amelala fofofo, na kwa watu wengi kazi hiyo ya ndani hutumia zaidi ya nusu ya kalori za siku.

Kiasi hicho cha msingi hukadiriwa kwa kanuni iliyotolewa na Mifflin na wenzake nchini Marekani mwaka 1990. Uzito kwa kilo huzidishwa kwa 10, urefu kwa sentimita huzidishwa kwa 6.25, na majibu hayo mawili hujumlishwa. Kisha hutolewa umri mara 5. Mwanamume huongeza 5, mwanamke hupunguza 161. Mwanamke wa miaka 30 mwenye kilo 58 na urefu wa sentimita 158 hupata karibu kalori 1,260. Hizo ni za kumweka hai tu, kabla hajainuka kitandani.

Kinachofuata ni kazi, na hapo ndipo watu wa mahali pamoja wanapoachana sana. Mfano ni Murongo, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, mji wa mpakani unaotazamana na Kikagati ya Uganda ng'ambo ya Mto Kagera. Wapo wanaoshinda dukani na wapo wanaoshinda shambani. Mwanamke huyo akiwa muuza duka, kiasi cha msingi huzidishwa kwa takribani 1.5, na mahitaji yake huwa karibu kalori 1,900. Akilima, akibeba maji na kuni kwenye vilima, huzidishwa kwa 2, nayo hufika 2,500. Tofauti hiyo ya kalori 600 ni zaidi ya nusu kilo ya ndizi zilizopikwa. Kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi mlimani, kisha akahamia kwenye bodaboda, anahitaji sahani ndogo kuliko ya zamani. Asipoipunguza, ziada hugeuka mafuta mwilini.

Upande wa chakula, gramu moja ya wanga au protini hutoa kalori 4, na ya mafuta hutoa 9. Ndizi za kupika, chakula kikuu cha Karagwe na Kyerwa, zina maji mengi: gramu 100 zilizopikwa hutoa kalori 100 na kidogo tu, zikiwa na protini kama gramu moja. Ndiyo maana mtu anaweza kushiba kabla mwili haujapata unachohitaji. Katogo, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, ni mlo mzuri kuliko ndizi tupu kwa sababu maharage huleta protini. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia huongeza kalori zaidi ya 100 bila kujaza tumbo. Karanga na senene wa msimu hufanya kazi hiyohiyo.

Jambo hili ni zito zaidi kwa mtoto, kwa kuwa tumbo lake ni dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kagera, pamoja na migomba yake yote, ni miongoni mwa mikoa iliyo juu ya kiwango hicho. Maradhi nayo huchangia, lakini ndizi za kupondwa peke yake hazimtoshi mtoto. Apewe mara nyingi kwa siku, zikichanganywa na maharage, karanga au maziwa.

Mama mjamzito huongeza takribani kalori 285 kwa siku katika miezi mitatu ya kati na 475 katika mitatu ya mwisho. Anayenyonyesha huongeza kama 500 katika miezi sita ya kwanza, hivyo katika nyumba ya wakulima yeye ndiye anayestahili kupakuliwa sahani kubwa kuliko kawaida yake.