Hafla ndogo nyumbani: Jinsi ya kuwakirimu wageni bila madeni wala maradhi

KWA wakazi wengi wa mijini, neno sherehe limekwisha kuchukua sura moja tu: kamati ya maandalizi, kadi za michango, ukumbi wa kukodi, mshereheshaji na muziki wa kutikisa mtaa. Matokeo yake, mtu mwenye hamu ya kuwaalika jamaa na marafiki wasiozidi 20 nyumbani kwake huahirisha jambo hilo mwaka hadi mwaka, akisubiri fedha ambazo hafla ya namna hiyo haizihitaji.

Katika pwani ya Mtwara, kuanzia Kata ya Ufukoni na Shangani mjini, hadi mji mkongwe wa Mikindani na vijiji vya Msimbati vilivyo jirani na mlango wa Mto Ruvuma, desturi ya kuwakaribisha watu barazani au uani imetangulia kumbi zote za kukodi. Mkeka hutandikwa, sinia huletwa, na mazungumzo huendelea mpaka kahawa inapomalizika. Anayetaka kuirejea desturi hiyo leo hana haja ya kujifunza mambo mageni. Hata hivyo, yapo mambo machache yanayopaswa kuzingatiwa, kwa kuwa chakula cha baharini na joto la pwani havisamehe uzembe.

Wageni na saa

Jambo la kwanza ni idadi. Mwenyeji asiye na wasaidizi wa kukodi humudu wageni kati ya 12 na 20. Wakizidi hapo, yeye na watu wa nyumbani mwake watashinda jikoni na hawatapata nafasi ya kuketi na waliowaalika. Ni vyema pia kukadiria watu wawili au watatu zaidi ya walioalikwa, kwa sababu katika mazingira yetu mgeni huja na mgeni mwenzake, na si ungwana kumhesabia mtu kijiko.

Jambo la pili ni wakati. Majira ya kiangazi, hasa kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo yanayofaa zaidi kwa hafla ya uani katika pwani ya kusini, kwani mvua huwa zimekwisha na hewa hupoa. Kuanzia Desemba hadi Aprili mwenyeji hana budi kuwa na turubai au sebule ya kukimbilia.

Saa inayofaa ni kuanzia saa 10 alasiri, jua linapoanza kulegea, hadi saa 2 usiku. Kuna sababu ya kiafya ya kutokesha. Mtwara ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizi makubwa ya malaria, na mbu aenezaye ugonjwa huo huuma zaidi nyakati za usiku. Feni ikielekezwa kwenye mkeka huwapunguza mbu, kwa kuwa hawamudu kuruka dhidi ya upepo. Watoto nao wavalishwe nguo za mikono mirefu giza linapoingia.

Samaki ndiye mtihani

Kwa mwenyeji wa pwani, samaki ndiye kitoweo cha kwanza na ndiye chanzo cha kwanza cha matatizo. Anunuliwe asubuhi ya siku yenyewe, si jana yake. Samaki mzuri huwa na macho yaliyojaa na maangavu, mashavu mekundu, na nyama inayorudi mahali pake ikibonyezwa kwa kidole. Samaki aliyelegea na kuvunjika mifupa bila sababu atiliwe shaka, kwani huenda ameuawa kwa baruti, uvuvi uliopigwa marufuku na ulioharibu matumbawe mengi katika pwani hiyo.

Uangalifu wa pekee unahitajika kwa jodari, vibua na nguru. Samaki hao wakikaa juani bila barafu, bakteria huzalisha katika nyama yao kemikali iitwayo histamini. Mlaji hupatwa na wekundu wa uso, kuumwa kichwa, mapigo ya moyo kwenda mbio na wakati mwingine kuharisha, muda mfupi baada ya kula. Wengi hudhani kwamba moto mkali huondoa hatari hiyo. Sivyo. Histamini ikishajengeka haiondolewi kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Kinga pekee ni barafu, tangu samaki anapotoka majini hadi anapoingia chunguni.

Kasa naye hana nafasi katika hafla yoyote. Mbali na kulindwa na sheria, nyama yake inaweza kuwa na sumu isiyoharibiwa na moto. Kisiwani Pemba, watu saba walifariki dunia Novemba 2021 baada ya kula nyama hiyo, na Machi 2024 watu tisa, wanane kati yao wakiwa watoto, walipoteza maisha katika Kisiwa cha Panza kwa sababu hiyo hiyo.

Saa mbili za joto

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5. Kati ya viwango hivyo viwili bakteria huongezeka kwa kasi, na joto la mchana la Mtwara limo humo humo.

Wali wa nazi ni mfano mzuri. Mbegu za baadhi ya bakteria wanaopatikana katika mchele hustahimili kuchemshwa. Wali ukipikwa asubuhi na kuachwa kwenye sufuria hadi jioni, mbegu hizo huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tui la nazi nalo huchacha haraka. Kwa hiyo wali upikwe mwishoni, nusu saa au saa moja kabla ya kupakuliwa, na uachwe kwenye makaa ya palio.

Kadhalika, ubao na kisu vilivyotumika kwa samaki mbichi visitumike kwa kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kachumbari haipiti motoni, hivyo uchafu wowote uliomo humfikia mlaji kama ulivyo.

Mapishi machache yanatosha

Hafla ya namna hii haihitaji vyakula kumi. Wali mmoja, kitoweo kimoja cha baharini, mboga moja na kachumbari vinatosha. Kwa wageni 20, mchele kilo 3 unatosha, kwani kilo moja huwashibisha watu saba hivi. Samaki wazima kilo 6 hadi 7 hutoa kipande cha kuridhisha kwa kila mmoja baada ya vichwa na mifupa kuondolewa. Pweza hunywea sana anapochemshwa, hivyo anunuliwe kwa uzito mkubwa kuliko unaodhaniwa.

Kabla ya chakula, wageni hupenda kitu cha kutafuna huku wakizungumza. Hapa Mtwara ina neema yake. Korosho za kukaanga zinapatikana, na ming'oko, mizizi ya porini inayochemshwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, huuzwa mitaani kwa bei nafuu. Madafu na juisi ya ukwaju vinaweza kuchukua nafasi ya soda za dukani.

Ni busara kuuliza mapema nani hali nini. Wapo Waislamu wanaohitaji uhakika kwamba nyama imechinjwa kihalali, na wapo Wasabato wasiokula pweza wala kamba. Sufuria ndogo ya kunde au mbaazi za nazi humaliza tatizo hilo bila mgeni yeyote kuona aibu.

Gharama na majirani

Tofauti kubwa kati ya hafla hii na sherehe ya ukumbini ni kwamba haina mchango. Mwenyeji huweka kiwango anachokimudu, kisha hupanga chakula kwa kiwango hicho, badala ya kupanga chakula kwanza na kutafuta mkopo baadaye. Mgeni akiuliza aje na nini, ajibiwe kwa kutajiwa kitu chepesi: tikiti maji, mfuko wa barafu au thamosi ya kahawa. Huo si mchango, ni ushirika, na humfanya mgeni ajione ni mwenyeji pia. Barafu na matunda vibebwe kwenye kikapu au ndoo, kwani mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019.

Kuhusu muziki, kipimo chepesi ni kwamba watu wawili walioketi mkekani wasikizane bila kupaza sauti. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na viwango vyake vya usiku kwa maeneo ya makazi ni vya chini kuliko vya mchana. Aidha, jirani aliyearifiwa mapema, au aliyealikwa kabisa, ni nadra kulalamika.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona akiwa amesimama jikoni jioni nzima. Kinachoweza kutayarishwa asubuhi, kama kukuna nazi, kumenya vitunguu, kutandika mikeka na kujaza maji ya kunawa, kitayarishwe asubuhi. Chakula kikishapakuliwa, mwenye nyumba aketi. Kitakachobaki kigawiwe majirani usiku huo huo kingali cha moto, au kiingizwe kwenye jokofu ndani ya saa mbili. Kisichowahi kimojawapo kati ya hayo kitupwe, hata kama kinatia uchungu kukitupa.